Kubadilisha Mpira wa Motokari Nyumbani: Hapa Hakuna Chefu wa Kukukataza



Kila asubuhi kazini tunavaa kaske, viatu vya chuma na glavu. Hakuna mtu anayepita chini ya mzigo unaoning'inia. Hakuna kamio kubwa inayosimama bila kuwekewa kabari chini ya magurudumu. Sheria hizo tunazijua kwa moyo. Lakini saa ya kurudi nyumbani tunavua kaske na viatu, na mara nyingi tunavua na akili ya usalama pamoja navyo.

Somo letu la leo ni juu ya kazi ndogo ambayo karibu kila baba mwenye motokari amekwisha kuifanya ndani ya parsele yake: kubadilisha mpira uliotoboka. Wengi watasema, «Hii nayo ni somo? Tangu ujana wangu ninabadilisha mipira.» Ni kweli. Baba nitakayemsimulia hapa alisema vilevile.

Ilikuwa siku ya Mungu, saa tano za asubuhi, wakati wa mvua. Waliniletea kwa dispensere shofere mmoja wa kamio, mtu wa miaka mingi ya kazi, asiyekuwa na ajali hata moja kwenye karatasi zake. Mkono wake wa kuume ulifungwa ndani ya kitenge cha bibi yake, na kitenge kilijaa damu. Jamaa ilikuwa inajitayarisha kwenda kwenye ndoa. Alipotoka nje alikuta mpira wa nyuma umelala. Akaweka kriki juu ya udongo mwekundu uliolowa mvua ya usiku, akainua motokari, akatoa gurudumu. Mtoto wake wa miaka tisa alichuchumaa karibu naye, akishika buloni ndani ya sahani. Mguu wa kriki ukazama, motokari ikaegama. Baba alimsukuma mtoto kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibaki kati ya chuma cha juu na gurudumu la akiba alilokuwa analiingiza.

Mtoto hakuumia hata kidogo. Baba alipoteza vidole viwili. Nilipokuwa ninamsafisha aliniambia neno ambalo sijalisahau: «Dokta, kazini nisingeweza kufanya hivi. Kazini chefu angenifukuza. Lakini nyumbani, nani angenifukuza?»

Ndiyo sababu ya somo hili. Nyumbani hakuna chefu wa usalama. Basi tunapashwa kumweka mmoja, na mwisho wa somo nitasema ni nani.

1. KWA NINI MOTOKARI INAANGUKA?

Motokari ndogo ina uzito wa kilo 1 000 na zaidi. Pikapu inaweza kukaribia kilo 2 000, hata bila mzigo. Kriki inabeba sehemu ya uzito huo juu ya mguu mdogo, pengine si mkubwa kuliko kiganja chako. Juu ya simenti hakuna neno. Lakini udongo wetu wa Nzilo na wa Kolwezi, wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, na wakati wa mvua unakuwa laini kama bukari. Juu unaweza kuonekana umekauka, na chini bado una maji. Mguu wa kriki unazama upande mmoja, kriki inalala, motokari inashuka. Haikupi nafasi ya kuvuta mkono.

Sababu ya pili ni motokari kutembea. Motokari nyingi zina freni ya mkono inayoshika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, moja tu linabaki kushikilia motokari nzima. Vitesi nayo peke yake haitoshi: gurudumu la upande wa motari likiwa hewani, linaweza kuzunguka na kuachilia motokari iende. Ikisogea hata kiasi cha kiganja kimoja, kriki inaanguka.

Sababu ya tatu ni haraka. Saa ya ndoa, saa ya kazi, saa ya ibada. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mimi ninaongeza: mara nyingine haina vidole.

2. VITU VYA KUTAYARISHA

Usingoje siku ya ajali. Leo jioni fungua motokari yako uangalie kama vitu hivi viko:

– Gurudumu la akiba lenye pumzi. Wengi wana gurudumu la akiba, lakini limelala tangu mwaka jana. Lipime kila mwezi, pamoja na mengine. Kipimo cha pumzi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kando ya mlango wa shofere.
– Kriki nzima, isiyovuja mafuta, yenye nguvu ya kutosha. Kriki ya motokari ndogo haiwezi kuinua pikapu iliyojaa makala.
– Ufunguo wa buloni, ule wa msalaba ukipatikana, wenye kinywa kinachokamata sawasawa.
– Ubao mgumu, mpana kama sahani kubwa na mnene wa vidole viwili, wa kuweka chini ya kriki. Ubao huu si wa kununua: kipande cha mti mgumu kinatosha. Kama yule baba angekuwa nao, leo angekuwa na vidole kumi.
– Kabari mbili, za mti au mawe makubwa yenye pembe. Jiwe la mviringo si kabari, linabingirika.
– Glavu za kazi, taa, na kitambaa.

Angalia pia umri wa mipira, zaidi ile ya okazioni tunayonunua sokoni. Kando ya mpira, baada ya herufi DOT, kuna namba. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 2319, ujue ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliopita miaka 10 usiuamini, hata kama meno yake bado ni marefu. Mpira unazeeka kama mtu: ngozi inapasuka, nguvu inapungua, na jua linaongeza.

3. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tafuta mahali sawasawa. Kama motokari imesimama kwenye mteremko au kwenye matope, iendeshe polepole mpaka mahali pagumu, hata kama mpira umelala. Mpira ukiharibika utanunuliwa mwingine. Mkono hauuzwi sokoni.

Hatua ya 2. Zima motari, vuta freni ya mkono, ingiza vitesi ya kwanza. Toa ufunguo uuweke ndani ya mfuko wako, ili mtoto asichezee.

Hatua ya 3. Watu wote watoke ndani ya motokari, na mzigo mzito ushushwe. Watoto waende penye mlango wa nyumba na wabaki pale. Mtoto anayetaka kujifunza aangalie kutoka mbali. Buloni hazihitaji mtu wa kuzishika. Ziweke ndani ya kofia au sahani chini.

Hatua ya 4. Weka kabari. Ukibadilisha gurudumu la mbele, ziba la nyuma. Ukibadilisha la nyuma, ziba la mbele. Gurudumu lililo upande wa pili liwekewe kabari mbele na nyuma.

Hatua ya 5. Legeza buloni wakati gurudumu lingali chini. Hapa wengi wanakosea: wanainua kwanza, kiisha wanaanza kupigana na buloni ngumu. Nguvu ile ndiyo inaangusha motokari kutoka juu ya kriki. Legeza kila buloni nusu ya mzunguko tu, usitoe. Weka mkono wa ufunguo upande wa kushoto, usukume kuelekea chini kwa uzito wa mwili. Usivute kuelekea juu, ni mgongo utakaolipa.

Hatua ya 6. Weka ubao, na kriki juu yake, chini ya sehemu iliyowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Sehemu hiyo ni ngumu, mara nyingi ina alama kando, karibu na gurudumu. Usiweke kriki chini ya bati au chini ya tanki. Kriki isimame wima kabisa.

Hatua ya 7. Inua kidogo, simama, angalia. Kriki imelala? Ubao umezama? Motokari inasogea? Kama ndiyo, shusha uanze tena. Kuanza tena ni dakika tano. Inua mpaka mpira uachane na ardhi, na nafasi kidogo tu kwa ajili ya mpira mpya wenye pumzi. Usiinue zaidi ya lazima.

Hatua ya 8. Kabla ya kutoa gurudumu, lala gurudumu la akiba chini ya ubavu wa motokari, karibu na kriki. Hii ni bima yako. Kriki ikiponyoka, motokari itaangukia gurudumu, haitafika chini kabisa.

Hatua ya 9. Malizia kutoa buloni, vuta gurudumu lililotoboka kwa mikono miwili, ukilishika kando, usilishike kwa juu. Liingize chini ya motokari mahali pa lile la akiba, kiisha utoe la akiba. Hivi bima inabaki wakati wote.

Hatua ya 10. Panda gurudumu la akiba. Usinyanyue kwa mgongo. Gurudumu la motokari ndogo lina karibu kilo 15 mpaka 20, la pikapu linaweza kupita kilo 25. Libingirishe mpaka mahali pake, chuchumaa au kaa karibu, liinue kidogo kwa msaada wa kipande cha chuma au ubao. Miguu yako usiiweke chini ya motokari. Ukitaka kuona matundu ya buloni, tumia taa, usiingize kichwa.

Hatua ya 11. Ingiza buloni zote kwa vidole kwanza, kiisha zikaze kidogo kwa ufunguo. Toa gurudumu la chini, shusha motokari mpaka mpira uguse ardhi. Ndipo uzikaze kwa nguvu, kwa mpango wa nyota: moja, kiisha ile inayoielekea, mpaka zote zimekwisha. Ukizikaza kwa kufuata mzunguko, gurudumu linaweza kukaa upande.

Hatua ya 12. Shusha kabisa, toa kriki, toa kabari, hesabu vyombo. Baada ya kutembea kilomita 50 hivi, simama ukaze buloni tena. Peleka ule uliotoboka kwa kwado siku ileile, maana msumari wa pili haungoji.

4. MAMBO MATATU YA KUKATAA KABISA

La kwanza: mtu kuingia chini ya motokari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kubeba. Anayetaka kufanya kazi chini aweke viti vya chuma au magogo manene yaliyopangwa kwa msalaba. Tofali za simenti hapana, zinapasuka ghafula bila kutoa alama.

La pili: kufungua nyumbani mpira wa kamio wenye jante ya pete. Pete ile, ikiwa haikukaa sawasawa, inaruka kwa nguvu ya pumzi na inaweza kuua mtu palepale. Kazi hii ni ya garaje, ndani ya kizimba cha chuma. Kumbukeni kwamba mpira wa kamio unajazwa mara tatu na zaidi kuliko wa motokari ndogo.

La tatu: kusude jante, au kuwasha moto juu yake, wakati mpira bado umepandwa. Joto linachoma mpira kwa ndani, moshi unajaa, na mpira unalipuka kama mina. Hata ukitoa pumzi yote, hatari ingali pale. Jante isudewe ikiwa tupu, mpira umetolewa.

Wazee wanaofanya kazi kwenye mashine za umeme hapa Nzilo wataelewa upesi. Hakuna mtu anayeshuka kwenye turbine kwa kuwa ameambiwa tu «maji yamefungwa». Mlango wa maji unafungwa, unazuiwa, na mtu anahakikisha kwa macho yake. Barrage yetu iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 inashikilia Lualaba nzima, lakini bado hatuamini kizuizi kimoja. Basi kwa nini tuamini kriki moja?

5. KAMA AJALI IMEFIKA

Mtu amebanwa. Usimvute kwa nguvu wakati motokari ingali juu yake. Mtu mmoja tu atoe amri. Inueni kwa kriki ya pili au kwa mikono ya watu wengi, na kadiri inavyopanda wekeni magogo chini, ili isianguke mara ya pili. Kama kifua kimebanwa, hapana kungoja: pumzi ya mtu haingoji lopitali. Angalieni saa aliyobanwa na saa aliyofunguliwa, mmwambie mganga. Aliyebanwa aende lopitali hata kama anasema hana maumivu. Damu inaweza kumwagika kwa ndani, na nyama iliyopondwa kwa muda mrefu inaweza kuharibu figo.

Damu inatoka. Chukua kitambaa safi, kandamiza kidonda kwa nguvu, usiachilie kwa dakika 10. Usifungue kila mara kuangalia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu. Inua mkono juu ya kifua. Wale waliofundishwa kufunga garo kazini wanajua wakati wake. Wasiofundishwa wakandamize tu, wakimbize mgonjwa.

Toa pete ya ndoa mapema. Kidole kikivimba, pete inakata damu. Akina mama wasikasirike: pete itarudi, kidole hakirudi.

Kidole kimekatika. Kifunge ndani ya kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi kidogo. Kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, uufunge. Mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Kilete pamoja na mgonjwa.

Usiweke mafuta ya freni, majivu, udongo wala dawa ya meno. Nimeosha vitu hivyo vyote katika vidonda. Osha kwa maji safi na sabuni, funika, uje. Ndani ya udongo kuna mbegu ya tetanosi, ugonjwa wa pepopunda, unaokaza taya na mgongo na unaoua. Mara nyingi unaonekana kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia, wakati kidonda kinaonekana kimepona. Sindano ya kuuzuia ipo. Kama imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, au kama hukumbuki, mwambie mganga.

6. MASWALI YA KUULIZANA JIONI

Baba asome kwa sauti, watoto wajibu.

1) Buloni zinalegezwa motokari ikiwa chini au juu?
2) Kitu gani kinawekwa chini ya kriki, na kwa nini?
3) Gurudumu la akiba linafanya kazi gani kabla ya kupandwa?
4) Watoto wanasimama wapi?
5) Kidole kilichokatika kinabebwa namna gani?

Sasa nirudi kwa neno nililoahidi. Chefu wa usalama nyumbani ni nani? Ni mama wa nyumba. Akiona bwana wake anachukua kriki bila ubao na bila kabari, ana haki ya kusema: «Simama.» Na bwana, hata kama ni kapita wa timu nzima kazini, anapashwa kutii. Hili si jambo la kumpunguzia baba heshima. Kazini chefu anamkatazia fundi mkubwa kwa sababu anataka arudi kwake jioni. Bibi yako anataka hivyohivyo.

Yule baba niliyemsimulia hakuweza kuendesha kamio tena. Leo anafanya kazi kwenye magazini ya vyombo. Nilipita kwake siku zilizopita. Kando ya mlango nilikuta ubao mnene umetegemezwa ukutani, umeandikwa kwa makala na mkono wa mtoto: KRIKI. Nilimwuliza nani aliuweka. Akasema bibi yake ndiye anayeutunza, na motokari haiinuliwi ndani ya parsele ile mpaka yeye autoe.

Ndugu zangu, tafuteni ubao wenu leo, kabla mpira haujatoboka.